Usukani Usiokubali Kunyooka

Gari la mwokaji lilirudi tena gereji, na safari hii mwenyewe hakupiga hata honi. Aliliegesha mlangoni akabaki ameketi ndani, mikono mapajani, kama mtu aliyefika kwa daktari akasahau kinachomuuma. Fundi Taratibu alitoka chini ya lori, akajifuta grisi, akachungulia dirishani. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamenyooka sawasawa. Usukani ulikuwa umelala kushoto.

Jina la Taratibu alipewa na wateja. Walimtania kwamba ukimpelekea gari ubebe na shuka, maana utalala hapo hapo. Lakini gari likitoka mikononi mwake halirudi, na ndiyo maana hili lilikuwa limeanza kumkera. Alikwisha kulifanyia alaimenti, kuyapanga magurudumu yaende sambamba, mashine ikasema kila kitu kiko sawa. Usukani ulipokaa upande, aliufunga ukiwa umenyooka, akaingia chini, akazungusha tairodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, za pande zote mbili, huku akirefusha na huku akifupisha kwa kipimo kilekile, hadi usukani na magurudumu vikaelewana. Mwokaji akaondoka nalo, na kesho yake huyo, amerudi.

Isitoshe, Taratibu alikuwa hoi. Nyumbani kulikuwa na kichanga, mjukuu ambaye binti yake alimpata baada ya mimba mbili kuharibika, na nyumba nzima ilikuwa ikiishi kwa pumzi za mtoto huyo. Akilia, wote macho. Akinyamaza, wote wanamwinamia kusikiliza kama anahema. Zamu ya alfajiri ilikuwa ya babu, na mashati yake yote yalikuwa yamecheuliwa maziwa begani. Tangu asubuhi alikuwa akiwaza jambo moja tu, lile kochi lake sebuleni, lililobonyea katikati, na jinsi atakavyojitupa pale jioni.

Alimwomba mwokaji ufunguo akalijaribu gari. Alipofunga mlango alisikia harufu ya maziwa ya mtoto. Akanusa bega lake, akacheka peke yake. Kisha akakumbuka kwamba amevaa ovaroli, na shati aliliacha msumarini ofisini.

Barabara huweza kuinama upande mmoja ikalivuta gari, kwa hiyo alikwenda kwenye uwanja wa maegesho uliokuwa mtupu, sakafu yake tambarare kama meza. Aliendesha moja kwa moja hadi mwisho, na usukani ulilala kushoto. Akageuza gari, akarudi alikotoka. Usukani ukalala kulia. Hapo alikanyaga breki, maana kosa la chuma halijui gari limeelekea wapi. Likiwa kushoto ni kushoto, uende urudi. Akajaribu tena, na tena ikawa vilevile. Mwishowe, kwa shingo upande, akaligeuza gari likatazama kilimani, kwenye tangi la maji, na usukani ukajinyoosha wenyewe mikononi mwake, ukatulia. Chini ya tangi lile kulikuwa na nyumba chache, na ya mwisho ilikuwa yake.

Aliachia usukani. Ndipo alipousikia mguno, mwororo, wa mwanamke anayebembeleza mtoto bila maneno, ukitokea nyuma yake, karibu kiasi kwamba joto la pumzi lilimpata kisogoni, na harufu ya maziwa ikawa nzito hadi ikamkaba, na alipoinua macho kwenye kioo hakuona kitu ila kiti cha nyuma, na kwenye kiti hicho kitambaa kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, kama kuna anayepakata na kuyumba.

Jinsi alivyofika gereji hakujua. Mwokaji alimtazama usoni mara moja tu, akainamisha kichwa.

"Umemsikia," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni nani?"

"Mke wangu. Alifia humo humo, kiti cha nyuma, yeye na mtoto tumboni, nikiwahi hospitali. Baada ya kumzika nikawa nasikia anaguna. Nikamwacha akae, fundi. Ningemfukuzaje?" Alijipangusa uso kwa mkono wenye unga. "Lakini siku hizi usukani unapigana na mimi. Nimechoka kushindana naye."

Shangazi yake mwokaji alikuwa mtu wa dua, akaitwa. Alifika alasiri, mama mfupi asiye na haraka, akalizunguka gari, akanusa, akamwambia mpwa wake bila kumficha kwamba marehemu wamelala na hawaimbi. Huyo alikuwa jini, amejifunza sauti ya marehemu kwa sababu alimkuta anayeipenda. Mwokaji alilia kama mtoto. Mama yule akamgeukia Taratibu.

"Fundi, kuna jambo lingine umeliona kwenye huu usukani?"

Taratibu alimwona akilini mjukuu wake, na kile kilima, na tangi. Kulitaja jambo lile kwa mdomo wake kulimtisha kuliko kulinyamazia. Tena alijua akisema tu, maneno yatakuwa mengi, watu watapanda kwake kuisomea nyumba dua, binti na kichanga watatolewa nje, na yeye miguu haikuwa na nguvu hata ya kusimama pale. Alitaka yaishe.

"Unavuta kushoto tu, mama," alijibu.

Milango yote minne ikafunguliwa. Mama alisoma dua, akanyunyiza maji, akasoma tena, mpaka harufu ya maziwa ikachacha, kisha ikakatika. Usukani ukarudi katikati polepole, kama umeachiwa na mkono uliokuwa umeushika muda mrefu. Mwokaji alilizungusha gari uwanjani akarudi akitikisa kichwa kwa mshangao. Limenyooka.

"Afadhali," shangazi alisema akikunja kanga yake. "Angekuwa na mahali anapopatamani, ningeanza kwa kuifunga njia ya huko. Hawa ukiwatoa tu, hukimbilia walikokuwa wakitazama."

Taratibu hakuaga. Alipanda kile kilima na ovaroli yake, akikimbia pale mapafu yaliporuhusu, akijilaani, na jua lilikuwa linazama alipousukuma mlango. Binti yake alikuwa sakafuni, juu ya godoro dogo, mtoto mbele yake. Mtoto alikuwa mzima. Fundi alishukuru, akapiga magoti kando ya godoro.

"Baba, hebu mtazame," binti alinong'ona. "Tangu alasiri shingo yake imekaa hivi. Nikimnyoosha, anarudi."

Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala kushoto. Taratibu alikinyoosha kwa vidole vyenye grisi, na kikarudi taratibu kushoto. Basi akafanya jambo ambalo mikono ilikwisha kulijua, akamwinua mtoto, akamgeuza, akamlaza kichwa palipokuwa na miguu, huku moyo ukimwomba Mungu iwe ni shingo tu, iwe ni ugonjwa, iwe ni chochote kinachotibika, na kichwa kile kidogo kikageuka, polepole, kikalala kulia, kikitazama ukutani palepale, kwenye lile kochi la babu, ambalo mto wake ulikuwa umebonyea sana, na harufu ya maziwa ikitoka huko.

"Kaa basi, baba," alisema binti yake. "Umechoka."

Mto wa kochi ukainuka upande mmoja na kubonyea zaidi upande wa pili, kama mtu aliyesogea ili kumpisha.