Macho ya Hoya Mzee

Chinatsu hakuwa na ndugu wa kucheza naye, wala mama wa kumwamsha asubuhi, maana mama yake alifanya kazi mjini Sendai na kurudi mara moja kwa mwezi. Hakuwa na hadubini. Hakuwa hodari wa hesabu wala wa mbio. Alichokuwa nacho ni babu yake, Mzee Tokuji, mfugaji wa chaza, na babu huyo alikuwa akipoteza macho kwa presha ya macho.

Likizo ya kiangazi ilipofika, kila mwanafunzi alitakiwa kuchunguza jambo alilojichagulia na kuliandika siku kwa siku. Basi kila asubuhi Chinatsu alimshika babu mkono, wakavuka ubao hadi kwenye chelezo cha chaza, akavuta kapu lenye hoya wawili. Hoya ni wanyama wa baharini, vifuko laini vinavyovuta maji kwa mdomo mmoja na kuyatoa kwa mwingine. Wafugaji huwachukia kwa kuganda kwenye chaza.

Bi Kuwabara, mtafiti wa kituo cha bahari, alikuwa amemwonyesha madoa manane ya rangi ya machungwa kuzunguka mdomo wa hoya, yanayohisi mwanga kama macho. Alikata ncha ya mdomo wa hoya mchanga, kisha ya hoya mzee.

"Tazama kama yataota tena," alisema. "Andika unachokiona, hata kisipokupendeza."

"We Chinatsu, mwaka huu unafuga kamasi?" Ryohei wa jirani alimtania.

"Kamasi lina macho manane. Wewe unayo mawili na bado unajikwaa!"

Wiki ya nne, hoya mchanga alikuwa na madoa yote manane. Hoya mzee hakuwa na hata moja.

"Na yule mzee mwenzangu," babu aliuliza, "ana macho mangapi leo?"

Chinatsu aliutazama uso wa babu, umeelekea kando kidogo ya pale alipokuwa amesimama yeye.

"Matatu, Babu."

Babu akapiga paja. "Umeona! Wazee bado tumo!"

Kesho yake yakawa matano, mwishowe manane. Aliyosema ndiyo aliyoandika. Bi Kuwabara alilisoma daftari kwa furaha, akaliomba kwa ajili ya maonyesho ya kituo.

Wiki kadhaa baadaye Chinatsu alikuta chupa mpya ya matone ya macho ya babu imejaa, haijafunguliwa.

"Babu, huweki dawa machoni?"

"Ya nini? Kidudu kizee kimeota macho, mimi nishindwe? Niliacha siku ile uliponiambia manane."

"Babu, hayakuota. Hata moja. Na jana nimemkuta amekufa."

Babu alishika bakuli lake la supu mpaka ikapoa. "Hata moja," alisema taratibu.

Daktari alisema jicho la kulia limekwisha na halitarudi. La kushoto litalindwa kwa matone, kila siku bila kukosa. Chinatsu alilia njia nzima.

"Kuacha dawa ni kosa langu, mtu mzima," babu alimwambia walipofika nyumbani. "Nilipenda kusikia vile. Ila sikiliza, mjukuu wangu. Mimi natembea kwa maneno yako. Ukiniambia ubao upo, kumbe haupo, naingia majini, hata kama umesema kwa kunipenda. Niambie ukweli, nilie, halafu nijue pa kukanyaga."

Chinatsu akaketi, akaandika: "Bi Kuwabara, hoya mzee hakuota doa hata moja. Niliandika uongo. Tafadhali usiliweke daftari langu kwenye maonyesho."

Akapaka gundi, akafunga bahasha. Babu akaomba kalamu. Chinatsu akamwongoza mkono, naye akachora pale bahasha ilipofungwa alama ya kuonyesha kwamba haijafunguliwa na mtu, ikaenda upande, nusu nje ya mkunjo.

Wakashuka pamoja hadi kwenye sanduku jekundu la posta. Barua ikadondoka ndani.

"Imeingia?" babu aliuliza.

"Imeingia, Babu," alisema, na ilikuwa kweli.