Kisanduku Kilichotolewa Kwenye Lori

Aliyemwambia Adyero kwanza alikuwa Julienne, Mkongomani aliyekaanga mandazi mbele ya geti lao kule Makindye, Kampala. Alimwambia taratibu, huku akigeuza mandazi kwenye mafuta, kama mtu anayetaja habari ya mvua. Lile lori la bwana wake, alisema, lilipiga honi saa saba mchana, likapangusa kioo kwenye jua kali, kisha likajifunga milango. Ndani hakukuwa na mtu. Marjan, mume wa Adyero, alikuwa msikitini na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

"Labda panya wamekula waya," Adyero alisema.

"Panya wa kwenu wanajua kuendesha?" Julienne akamtania. Halafu akaacha kutabasamu. "Mama Akidi, mimi niliona zile waipa. Zilikuwa zinaenda na kurudi polepole, kama mkono wa mtu anabembeleza mtoto."

Adyero alikuwa mtu wa maneno machache. Mbele ya watu alizoea kutazama miguu yake mwenyewe. Hata kwa mumewe aliifikisha habari hiyo nusunusu, jioni, wakati wa kula. Marjan akasema lori ni la zamani, na magari ya zamani yana wazimu wake. Lakini siku mbili baadaye, akiwa barabarani na magunia ya mahindi, milango ilijifunga na kujifungua mfululizo, ta, ta, ta, mpaka akasimamisha lori na kushuka. Kesho yake akalipeleka kwa fundi.

Fundi huyo wa umeme wa magari aliitwa Hippolyte. Alichomeka mashine yake chini ya usukani, akaisoma kwa muda mrefu, akasema injini ni nzima. Kibovu ni kile kisanduku cha kompyuta kinachofichwa nyuma ya deshibodi, ambacho kazi yake ni kuamuru milango, taa, honi na waipa. Akatafuta kingine kwenye lori la aina ileile lililokwisha kufa. Akatoa waya wa betri, akangoja kidogo, akachomoa kile cha zamani, akachomeka hicho kingine, kisha kwa laptopu yake akakiandikia namba ya lori ili kikubali ufunguo wa Marjan. Kabla jua halijazama, lori lilikuwa limetulia.

Jambo moja tu lilimsumbua fundi. Alipofungua kile kisanduku cha zamani alitegemea kukuta kutu au maji. Kilikuwa kikavu na safi. Ila kilikuwa na joto, ingawa kilikuwa kimekaa mezani saa nzima bila umeme, na kilinuka kama udongo uliomwagiwa maji ya moto. Alimweleza Marjan hayo huku akichekacheka, kisha akakizungushia gazeti na kumpa mkononi. Ndivyo mafundi wanavyofanya, ili mteja asije kudai kwamba hakubadilishiwa kitu.

"Beba chako, Mzee," alisema. "Kwangu hakilali."

Marjan akakileta nyumbani, akakiweka juu ya kabati katika chumba cha ndani, walimolala wote watatu, yeye, Adyero na binti yao Akidi wa miaka mitatu.

Lori halikusumbua tena. Kilichosumbua sasa ni nyumba.

Kwanza ilikuwa sauti, ta, ndogo sana, kama mtu anayegonga jino kwa kucha, ikitoka chumbani wakati Adyero akichambua mchele sebuleni. Halafu harufu ya ule udongo wa moto, ambayo ilikuja hata siku ambazo hakuwa amewasha jiko. Halafu Akidi akaanza kucheza upande mmoja wa mkeka, akiacha upande wa pili wazi, na Adyero alipokaa pale mtoto alimwomba asogee, kwa adabu, kama anayemwambia mgeni kwamba kiti kina mwenyewe.

Siku ya Alhamisi Adyero alikuwa akianika nguo nje. Mlango wa mbele ukajifunga, akasikia komeo la ndani likisukumwa, komeo ambalo Akidi hakulifikia hata akipanda juu ya kiti. Akagonga, akaita, akazunguka mpaka dirishani, na kupitia kioo kilichofunikwa na mvuke aliona taa ikiwaka na kuzimika mchana ule, huku mtoto wake akicheka ndani, kicheko cha mtoto anayemwagiwa maji kichwani. Kisha komeo likarudi lenyewe. Akidi alikuwa amekaa sakafuni, nywele zimelowa, mwili umepakwa mafuta.

"Nani amekuogesha?" Adyero aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama mwingine."

"Maji yalikuwa ya moto?"

"Hapana. Aliyapuliza kwanza." Mtoto akafikiri kidogo. "Anasema mtoto wake hawakumpulizia."

Jioni hiyo, baada ya kuelezwa na mkewe, Marjan alimpigia simu shangazi yake Husnah, ambaye aliishi Bombo pamoja na Wanubi wenzake na aliyejua kusomea watu waliosumbuliwa na majini. Akaja kesho yake asubuhi na mfuko wa ubani. Alipofika mlangoni alisimama, akanusa, na badala ya kusalimia akamtazama mpwa wake.

"Marjan. Ulimwaga wapi maji ya moto?"

Katika nyumba aliyokulia Marjan, hata mtoto wa kuosha sufuria alifundishwa kwamba maji ya moto hayamwagwi ardhini mpaka useme bismillahi, ili wale wasioonekana wapate nafasi ya kuwaondoa watoto wao. Akaeleza akiwa ameinamisha kichwa. Kabla ya kufika Luweero rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, ilichemka, naye alikuwa na haraka, mawingu yalikuwa yametanda na mahindi hayakufunikwa. Akayamwaga yale maji yote kichakani bila kusema neno. Kitu kikalia kwenye majani, kama mwana-mbuzi. Alitazama, hakuona kitu, akaondoka. Siku iliyofuata ndipo lori lilipoanza kupiga honi lenyewe.

"Umemuunguzia mtu mtoto wake," Husnah alisema. "Akapanda gari lako, akakaa ndani ya hicho kisanduku. Na wewe ukamleta kwenye nyumba yenye mtoto."

Hakutaka maelezo zaidi. Alisema atamtoa, na kwamba huyu hatoki kwa kubembelezwa. Akawasha ubani kwenye kigae sebuleni, akaanza kusoma. Adyero, ambaye alikuwa Mkatoliki na hakuyaelewa maneno yale, alimpakata Akidi na kumbana kifuani. Lakini moshi ulipozidi akakohoa, mikono ikalegea, na mtoto akateleza chini, akatembea bila haraka mpaka chumba cha ndani, kama aliyeitwa. Mlango ukafungwa nyuma yake. Ta.

Marjan akausukuma kwa bega. Jirani yao Opoka, askari polisi aliyekuwa amepumzika siku hiyo, akaja na mtaimbo, akaupiga mlango ule wa mbao nyembamba ambao siku zote ulitikisika kwa upepo tu, na haukutikisika. Husnah akapandisha sauti ya kisomo. Kadiri alivyopandisha, ndivyo kule ndani kulivyoanza kusikika kitu kingine, mwanzoni kama mchanga unaomwagika, kisha kama sufuria inayoanza kuimba juu ya moto, kisha maji yanayochemka kweli, maji mengi kuliko yanayoweza kuenea ndani ya chumba kile, na mvuke ukaanza kutoka chini ya mlango na kuwaunguza vidole vya miguu, na katikati ya mchemko huo Akidi, ambaye mpaka hapo alikuwa akizungumza na mtu polepole, akanyamaza.

Adyero alipiga magoti. Akalaza shavu lake sakafuni, penye mvuke, akaweka mdomo kwenye uwazi wa chini ya mlango. Wanaume walikuwa wakipiga, Husnah alikuwa akisoma, na hakuna aliyemsikia.

"Dada," alinong'ona. "Pole kwa mtoto. Hakuna aliyekuja kwako kulia nawe. Mimi nalia." Na kweli alikuwa akilia. "Huyu ninaye mmoja tu, usimuunguze. Kama huwezi kumwacha, basi tumlee wote wawili."

Maji yakanyamaza mara moja. Komeo likarudi.

Akidi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkavu, akinyonya kidole. Sakafu ilikuwa kavu pia. Opoka aliketi kwenye kizingiti na kushika kichwa. Marjan alimkumbatia shangazi yake, akimshukuru kwa kisomo, na Husnah, jasho likimtiririka, akasema si yeye, ni Mungu. Adyero alimbeba mtoto, akampapasa mikono na miguu kutafuta malengelenge.

Mchana uleule Marjan, Opoka na Husnah walikirudisha kisanduku mpaka kile kichaka cha kabla ya Luweero. Wakakifukia, wakamwaga maziwa baridi, Marjan akaomba msamaha kwa sauti. Walirudi jua likizama. Chumba hakikunuka kitu. Hakuna kilicholia ta. Wakalala usingizi ambao hawakuwa wameupata kwa wiki nzima.

Asubuhi Adyero aliamka, akapapasa pembeni yake, hakumkuta mtoto. Akidi alikuwa amekaa sakafuni karibu na kabati, mgongo umenyooka, kichwa kimeinamishwa upande kidogo, kama mtoto aliyewekwa katikati ya magoti ya mtu anayemsuka. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Nywele zake, ambazo jana zilikuwa timutimu, zilikuwa zimesukwa mistari myembamba sana iliyozunguka kichwa chote, mtindo ambao Adyero hakuwahi kuuona kwao Gulu wala Kampala. Msuko wa mwisho, juu ya sikio, ulikuwa haujakamilika. Mafungu yake matatu ya nywele yalikuwa yakipishana yenyewe, taratibu, kwa ustadi.

Marjan aliingia kutoka kuswali. Msuko ukatulia.

"Amependeza," alisema. "Nani amemsuka hivi mapema yote hii?"

Adyero alitazama miguu yake.

"Ni mimi," akasema.

Alingoja mpaka mumewe ametoka kwenda kuwasha lori. Ndipo akachukua kopo la mafuta ya nywele, akalifungua, akalisukuma polepole sakafuni mpaka nyuma ya mgongo wa mtoto, mahali ambapo mkono ungeweza kulifikia.