Gogo la Ranald

Nilitumwa Biblia tu.

Mchungaji alitaka historia ya familia za kwanza zilizoingia msitu huu na kuteremsha magogo ya kwanza mtoni. Kwa kuwa mimi, Euphemia Laidlaw, nilikuwa na mwandiko mzuri na sina mume wa kuniuliza nilikuwa wapi, kazi ikaniangukia. Biblia ya ukoo, yenye majina na tarehe zetu zote, ilikuwa kwa shangazi Griselda, ng'ambo ya mto. Ilikuwa Machi, mwaka 1909. Nilivuka juu ya barafu jua likizama, roho ikiwa imenijaa nyongo.

Niseme ukweli, maana kwenye kitabu cha kanisa sikuusema. Nilikuwa na wivu. Mdogo wangu Isla alikuwa anaolewa Jumamosi ile na Lachlan Moffat, na Lachlan alikuwa wangu. Si kwa maneno, hakuwahi kutamka. Lakini miaka mitatu nilimfulia soksi zilizoganda matope ya mtoni, na yeye akanitengenezea sanduku la nguo la msonobari, ubao wa kwanza kabisa wa mti mkubwa kuliko yote aliyowahi kuangusha. Mbao zilizobaki alizianika ghalani.

"Hizi zinangoja kitanda," aliniambia.

Mimi mjinga nikadhani najua ni kitanda cha nani. Kisha Isla akarudi kutoka mjini alikokuwa anafundisha, na kicheko chake na kofia zake, na kabla majani hayajapukutika mambo yakawa yamekwisha.

Shangazi Griselda alinifungulia mlango akiwa na fimbo mkononi.

"Ingia, funga, usinipashe baridi bure. Uso huo umemnunia nani? Bwana harusi au bibi harusi?"

"Nimefuata Biblia, shangazi."

"Iko hapo. Umenuna mpaka maziwa yangu yatakatika."

Biblia ilikuwa ndani ya kasha la chuma. Nilipoiinua, chini yake nikaona nyundo. Kichwa chake kilikuwa na herufi iliyochongwa, R ndani ya duara.

Niliijua ni kitu gani, ila sikuijua ni ya nani. Kila gogo hapa kwetu hupigwa nyundo ya chapa kwenye ncha kabla ya kusukumwa mtoni, kwa sababu mto huchanganya magogo ya watu wote, na huko chini kiwandani ni chapa tu inayosema hili ni la fulani. Chapa yetu ilikuwa T, ya babu Torquil.

"R ni nani?"

Shangazi alitazama dirishani kwanza. Giza lilikuwa bado halijashika vizuri.

"Ranald," alinong'ona. "Kaka yake baba yangu, Torquil. Walikuja wawili, hukuambiwa? Ardhi ilikuwa ya Ranald. Mke alikuwa wa Ranald. Akazama kwenye maporomoko Mei, barafu ilipovunjika. Juni baba akamwoa mjane."

"Mbona haraka hivyo?"

"Fungua uone. Wewe si ndiye msomi."

Nikafungua. Baba yangu, mtoto wa kwanza, alizaliwa Januari iliyofuata. Mwezi ulikuwa umepakwa wino mweusi, lakini ukiinamisha karatasi kwenye taa ulisomeka. Nikahesabu kwa vidole. Shangazi alinitazama nikihesabu.

"Unajua wezi wa magogo wanavyofanya?"

Nilijua. Nani asiyejua? Wanakata ncha yenye chapa ya mwenzao, wanapiga ya kwao.

"Ndivyo baba alivyofanya na baba yako," alisema. "Alikata ncha."

Moto ulikuwa unatafuna kuni.

"Ranald hakupatikana," aliendelea. "Wanaozama huzikwa pale pale ukingoni, na buti zao, zenye misumari nyayoni ya kukamatia magogo, hutundikwa juu ya mti. Zake hazikutundikwa... Bado anazo. Na hiyo nyundo, chochote kinachopigwa nayo, yeye hukijia. Baba alijaribu mara moja, kwa dharau, akampiga farasi kwato. Barafu ilipovunjika tulikuta zizi tupu, na sakafu nzima ina vitobo." Akanisukumia ile nyundo. "Ukivuka, itumbukize kwenye tundu la kuchotea maji. Magoti yangu hayafiki tena. Usipige nayo kitu, Effie. Hata kwa mchezo."

Nilikuwa na nia ya kuitumbukiza. Naapa nilikuwa nayo.

Lakini tundu la maji liko ukingo wetu, na njia ya kuliendea inapita mbele ya nyumba mpya ya Lachlan, na mlango haukuwa na kufuli, na hapakuwa na mtu. Nikasema nichungulie tu. Ndani kulinuka utomvu wa msonobari mbichi, harufu ile ile ya sanduku langu. Na hicho hapo kitanda. Kipana. Kichwani kimechongwa majani, kazi ya mikono ninayoijua. Kando yake kulikuwa na kitanda kidogo cha mtoto, cha kubembea. Tayari! Hata harusi bado! Watu walikuwa wamemcheka kwa hicho kitanda kidogo, na yeye alikuwa amecheka nao.

Sikumbuki kuinua mkono.

Dum.

R ndani ya duara, chini ya mguu wa kitanda, upande wa ukutani atakapolala Isla. Nikasema kwa sauti, "Njoo umchukue." Sikusema jina. Jina nililokuwa nalo moyoni lilikuwa la mdogo wangu, na nilimaanisha.

Kutoka mtoni, chini ya barafu, nikasikia kitu.

Tk... tk... tk...

Nilikimbia. Nyundo niliitupa kwenye tundu la maji bila kusimama. Harusini nilivaa gauni la buluu nikawaimbia.

Barafu ilivunjika wiki ya kwanza ya Mei. Lachlan alishuka na wenzake kusukuma magogo, na siku ya tatu akateleza kwenye maporomoko yale yale. Isla hakuguswa. Aliyekufa alikuwa yeye niliyemtaka, na mimi ndiye niliyempeleka.

Tulimzika ukingoni. Buti zake walizitundika juu ya mti. Jioni ile Isla alinishika mkono.

"Dada, usiku wa kuamkia siku ile mtu aliingia na buti za misumari. Nikadhani ni Lachlan karudi. Nikamwambia, vua buti, unatoboa sakafu. Akasimama upande anaolala Lachlan... Maji yakawa yanadondoka."

"Ulikuwa unaota."

"Vitobo vipo, Effie. Njoo uone."

Sikwenda. Nilimhamishia kwangu, yeye na mimba yake. Akaja na kitanda na kile kitanda kidogo, kwa sababu ndivyo alivyoachiwa. Murdo alizaliwa Januari.

Sijui niseme nini juu ya Murdo. Nilitaka kumchukia, nikashindwa siku ya kwanza. Aliponishika kidole nikawa nimekwisha. Hata wivu wangu ukahamia kwake. Nilimwonea wivu Isla kwa maziwa tu. Alipolia usiku, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuamka, na niliudhika sana aliponyamazia kwa mama yake.

Aprili iliyofuata barafu ikaanza kulia. Jioni moja nilirudi kutoka kukamua ng'ombe nikakuta kwenye sakafu, kutoka mlangoni hadi kitanda cha mtoto, vitobo vidogo vidogo. Ndani ya kila kitobo kulikuwa na maji.

Nilikwenda kwa shangazi mbio, bila shali.

"Ulipiga nini?" aliuliza, kabla sijasema salamu.

"Mguu wa kitanda. Mguu mmoja tu! Kitanda cha mtoto sikukigusa."

"Na mbao za kitanda cha mtoto zilitoka wapi?"

Hapo ndipo nilipokaa chini.

"Wewe umezaliwa kwenye magogo," alinong'ona. "Gogo hupigwa chapa kila mahali? Linapigwa nchani, basi. Na kuanzia hapo ni la nani?"

"Lote ni la mwenye chapa."

"Lote. Kila ubao. Atafuata kila ubao, na aliye juu yake."

Msonobari mmoja. Kitanda, kitanda cha mtoto... na sanduku langu.

"Choma," alisema shangazi. "Usikate ncha. Hiyo ndiyo iliyomtia hasira tangu mwanzo. Choma vyote, usibakize hata kijiti."

Jumapili Isla alipokwenda kanisani nilivuta vitanda vyote viwili uani, nikavichoma. Nilimwambia vilikuwa na wadudu. Alipiga magoti kwenye majivu akalia kama siku ya maziko.

"Ilikuwa kazi ya mikono yake," alisema. "Ya mwisho. Na sanduku lako? Halina wadudu lenyewe?"

Sanduku sikulichoma.

Nilijiambia nitalilinda. Nilijiambia kitu kikiwa changu kitakuja kwangu, si kwa mtoto. Uongo mtupu. Sikulichoma kwa sababu ndicho kitu pekee Lachlan alichonipa, na ubao ule ulikuwa wa kwanza, wa kabla ya Isla. Mtoto nilimpenda kuliko roho yangu, na bado sikuweza.

Alikuja jioni ile ile. Isla alikuwa chumbani na mtoto. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya sanduku, taa haijawashwa bado. Kwanza harufu, magome yaliyolowa na matope ya chini kabisa ya mto. Kisha mlango... Kisha...

Tk. Tk. Tk.

Alisimama pale kitanda cha mtoto kilipokuwa. Alisimama kitambo. Kisha akageuka, akaja kwangu. Sikuona uso. Niliona maji yakitua sakafuni, tone moja moja, karibu na miguu yangu.

Nikanong'ona, "Hili ni langu. Alinipa mimi."

Na sauti, chini, imejaa maji, ikasema:

"Na yule alikuwa wangu."

Sikujua kama alimtaja mke wake wa zamani, au baba yangu, au Murdo aliyekohoa wakati ule chumbani. Sijui mpaka leo. Nilisikia pigo moja chini yangu, dum, sanduku likatikisika, kisha hatua zikatoka taratibu. Asubuhi nilipindua sanduku, nikaikuta chapa chini yake. R ndani ya duara. Mbichi, mbao bado nyeupe ndani yake.

Hakurudi. Miaka ishirini na mitatu. Kila barafu ilipovunjika nililala juu ya sanduku kwenye blanketi, watu wakiniita kizee kichaa, na kila mara palikucha salama. Kitabu cha kanisa kilichapishwa. Shangazi alikufa. Ranald sikumwandika, kwa sababu kumwandika yeye ni kujiandika mimi.

Murdo alioa wiki mbili zilizopita. Mke wake anaitwa Odile, msichana mzuri, anacheka sana. Nyumba wamejenga pale pale ya zamani, karibu na maji. Siku ya harusi Isla alikaa karibu nami, amekunywa kidogo.

"Nikuambie kitu, dada? Nilikuonea wivu maisha yangu yote."

"Wewe? Mimi?"

"Lile sanduku. Ubao mzuri kuliko yote wa mti ule alikupa wewe. Mimi alinipa uliobaki. Nikilala kwenye kile kitanda nilikuwa nafikiria sanduku lako, fikiria! Na ulipokichoma nikajisemea, Effie hataki niwe na chochote chake." Akanipigapiga goti. "Yamepita. Ila ungempa Murdo. Hana hata kijiti kilichotengenezwa na baba yake."

Ilikuwa nafasi. Ilikuwa mbele yangu kama sahani. Ningesema, Isla, nilipiga mguu wa kitanda chako. Ningesema hayo tu. Nikasema, "Tutaona," nikamwomba anisogezee keki.

Leo ni Jumamosi. Tangu asubuhi barafu inavunjika, inasikika mpaka huku. Nilikwenda kijijini kununua mafuta ya taa, nikarudi saa moja iliyopita. Mezani kuna karatasi ya Isla: Usikasirike, dada. Nimewapelekea. Odile amefurahi mno, ameweka ndani yake nguo za mtoto. Ndiyo, tayari! Narudi kwao kwa chakula cha jioni.

Mahali palipokuwa na sanduku sakafu ni nyeupe, haijapigwa jua miaka yote hiyo. Vitobo vimeanzia hapo hapo katikati, vina maji, vimekwenda mpaka mlangoni. Nimevifuata uani. Vimeshika njia ya nyumba mpya.

Nimeandika haya haraka, na jina la Ranald nimeliandika ndani ya Biblia mahali pake, juu ya jina la baba yangu. Isla, ukirudi kabla yangu usome yote, hata pale nilipomwita aje akuchukue. Nachukua shoka na mafuta ya taa. Itabidi nibishe hodi, nimwambie Murdo ni nani aliyemuua baba yake, kisha nimwombe aniruhusu nichome kitu pekee alichoachiwa.

Jua linazama. Nikisimama kizingitini nasikia kicheko cha Odile kikitoka kule chini, na kati yangu na yeye, njiani, kitu kinatembea bila haraka.