Barua za Mbinya Zilizobaki Matiliku

Ndugu zangu, sikieni yaliyoipata nyumba ya Mutunga, fundi seremala, mwaka wa 1978.

Walikuwa wamehamia Migwani kutoka Matiliku. Asubuhi moja mkewe, Muthoki, alikuwa uani akipepeta mbaazi, moyo umetulia. Shamba jipya lilikuwa limezaa vizuri. Mara binti yao Mbinya, wa miaka tisa, akatoka jikoni na sufuria ya uji, akajigonga kwenye fremu ya mlango kana kwamba haipo. Uji wote ukamwagika.

"Hukuona mlango?" Muthoki akauliza.

"Upande huu sioni, mama."

Muthoki akaweka ungo chini. Kabla hawajahama, daktari mmoja wa hospitali alikuwa amegundua presha ndani ya macho ya mtoto. Akampa dawa ya matone, akasema mpasuaji wa macho akija wataitwa kwa barua. Anwani waliyoacha ilikuwa ya sanduku lao la posta pale Matiliku. Tangu wahame, kila Muthoki akiuliza, mumewe alimjibu kwamba hakuna barua.

"Baba Mbinya, posta uliwaambia tumehama?"

Mutunga aliendelea kupiga randa. "Sikupata nafasi. Lakini Matiliku wananijua wote. Barua yangu itapoteaje?"

"Na ufunguo wa sanduku?"

Akautoa mfukoni. Muthoki alimtazama kama mtu asiyemjua.

Kesho yake Muthoki akaenda Matiliku na ufunguo. Sanduku lilikuwa limejaa. Barua ya kwanza ya hospitali ilisema mtoto aletwe mwezi wa pili. Nyingine iliuliza mbona hawakuja. Nyingine ilisema ugonjwa huu haungoji. Na huu ulikuwa mwezi wa saba. Akaketi sakafuni mbele ya watu.

Kaluki, karani wa posta, akamwinua. "Pole, mama. Mtu akihama, anatujazia fomu ya sanduku la zamani na la huko anakoenda. Barua ikifika hapa tunaiandika anwani mpya, inamfuata. Asiposema, sisi tunajua bado yuko."

Kwa bahati mpasuaji alikuwa amerudi hospitali, Mbinya akapasuliwa wiki hiyo hiyo. Jicho la kulia likaokolewa. La kushoto lilikuwa limekufa.

"Mngekuja mwezi wa pili..." daktari alisema, asimalize.

Mutunga alisimama kando ya kitanda. Mtoto, macho yote yamefungwa bendeji, akampapasa uso. "Ni wewe, baba?"

 Mutunga akatoka nje akalia, mwanamume mzima, wagonjwa wakimwangalia. Muthoki hakumfuata.

FUNZO

Wewe unayepanga kuhama, kabla hujafunga mizigo pitia posta uache anwani yako mpya. Kisha uwaandikie wote wanaokutumia barua, kwanza hospitali na shule ya mtoto wako. Na kama hukuenda posta kuangalia, usiseme hakuna barua. Sema hukuenda, ili mwenzako aende. Mutunga alijua hakwenda, akasema hakuna. Aliyelipa ni Mbinya.