Kitanda cha Bibi Wankyo Wikiendi ya Mechi

Kitendawili! Itikieni kwa nguvu, wajukuu zangu, msiniache natega peke yangu kama mtu anayegombana na ukuta. Nina ng'ombe mmoja. Anachungwa uwanjani, lakini anakamuliwa kwenye nyumba ambazo hajawahi hata kuzikanyaga. Nani huyo?

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Bunda? Bunda sitaki, huko tutafika baadaye. Butiama? Huko nina shemeji, siwezi kuuchukua mji wa shemeji. Nipeni Musoma. Haya, nimekwenda Musoma, nimekula sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo, nimeshiba, nimerudi. Ng'ombe wangu ni mechi. Ni tamasha. Wanaokimbia ni wachezaji, lakini anayelala hoi siku hiyo ni mfua mashuka wa gesti. Mwenye goli ni mmoja, lakini wauza samaki, wapika chapati, waendesha bodaboda na wenye vyumba wote wanakunywa maziwa yake. Ndivyo mji wetu ulivyo siku hizi, nami najivuna nikisema hivyo. Zamani watu walipitaga tu Musoma wakienda kwingine. Sasa wanakuja, wanalala, wanauliza jina la samaki waliyekula.

Ila ng'ombe huyo ana teke. Sikilizeni.

Katikati ya mji, nyuma ya soko, kuna nyumba ya wageni ya mama mmoja mjane aitwaye Matrida. Si ghorofa, ila ukiingia utavua viatu bila kuambiwa. Mashuka yake meupe huanikwa uani, upepo wa ziwa ukiyapiga unadhani nyumba inataka kuruka. Matrida aliyapenda mashuka yale kuliko nguo zake mwenyewe. Mgeni akimwambia, "Mama, hapa kwako nimelala kama mtoto," atatembea wiki nzima shingo iko juu.

Uani kulikuwa na chumba kimoja kisichopangishwa. Kilikuwa cha mama mkwe wake, Bibi Wankyo wa Butiama. Mume wa Matrida alipokuwa anaijenga nyumba ile, Bibi aliuza ng'ombe wake, bati zikapatikana. Hakuomba kitu ila kona ya kulala akija mjini. Mwanawe alimchongea kitanda kwa mkono wake, kifupi, miguu minene, ili mama asipate taabu ya kupanda. Mwana akafa, kitanda kikabaki.

Alhamisi moja Bibi alikuja kwa ajili ya kliniki ya macho, maana ukungu ulikuwa umeanza kumfunika. Mkwe na mama mkwe wakakaa uani wanachambua maharage, wanacheka habari za Butiama. Ilikuwa siku nzuri. Kisha simu ikaanza kuita, na haikunyamaza tena.

Timu kubwa kutoka Dar es Salaam ilikuwa inakuja kucheza Jumamosi, na siku hiyohiyo jioni kulikuwa na tamasha la ngoma za asili. Wapenzi wa mpira walikuwa njiani kutoka Mwanza, kutoka Tarime, kutoka kila upande. Kabla maharage hayajaiva, vyumba vingi vya Matrida vilikuwa vimeshikwa, vimebaki vichache tu.

Jirani yake wa ng'ambo ya barabara, Mwanaupe, naye ana gesti. Akavuka na kanga begani, amechangamka.

"Shoga, mimi nimejaza mpaka sebule! Yunusu nimemwambia wikiendi hii akalale kwa dada yake kule mtaa wa Nyasho, kitanda chetu kina wateja."

"Na amekubali?"

"Atafanyaje? Mume halipi!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini Mwanaupe alipoondoka, simu iliita tena. Alikuwa Mzee Maige, mkuu wa kundi la ngoma kutoka Bunda. Wanataka kulala pamoja, wote nyumba moja, hawapendi kutawanyika. Matrida akahesabu vyumba kichwani. Kilipungua kimoja, cha Maige mwenyewe. Angesema, "Mzee, hapa pamejaa, nenda kwa mwenzangu," mambo yangeishia hapo. Macho yake yakaenda kwenye dirisha la chumba cha uani.

"Nafasi ipo, mzee wangu. Njooni."

Wajukuu, tamaa haibishi hodi kwa ngumi. Inaingia na maneno mazuri. Matrida alimwendea Bibi akamwambia, "Mama, nataka kukipaka rangi chumba chako, kipendeze. Nimekutandikia stoo kwa siku hizi mbili."

"Rangi gani, mwanangu?"

"Ya maziwa, mama."

"Ah! Hata kama sitaiona vizuri, nitajua ipo," akasema Bibi, akakusanya kanga zake kwa kupapasa, akahamia stoo, kati ya magunia ya mkaa na vitunguu. Kigoda chake na kibuyu chake cha tumbaku ya kunusa hakuvipata. Vikabaki uvunguni.

Ijumaa alasiri mji ulikuwa unavuma. Jezi kila kona, filimbi, mapembe ya plastiki, moshi wa samaki wa kuchoma. Ukumbi wa Matrida ulijaa vijana wa Dar wanaogombania soketi za kuchajia simu. Basi dogo la Bunda likasimama mlangoni, ngoma zikaanza kushushwa.

"Taratibu, mura, hiyo si pipa!" Maige alimkemea kijana wake, kisha akamfuata Matrida uani.

Chumba kilikuwa safi, shuka limenyooka kama karatasi. Maige aliweka begi, akainama kuvua viatu. Akaona kigoda cha mtu uvunguni. Alipoinuka alikuwa ameshika kibuyu cha tumbaku.

"Mama mwenye nyumba," akasema, "kitanda hiki ni cha nani?"

Matrida alikitambua kibuyu. Naye ni mtoto wa Mara, alijua vizuri kwamba kwa wazee kama Maige kitanda cha mama aliye hai hakilaliwi na mwanaume mtu mzima. Kukilalia ni kama kumzika mwenyewe angali anapumua. Alijua, na bado alitandika.

"Pumzika kwanza, mzee. Nikuletee maji ya kuoga?"

"Sijaomba maji. Nimeuliza."

Matrida akainama kulinyoosha shuka lililokwisha kunyooka. Maige akatoka, kibuyu mkononi, akafuata sauti ya kikohozi mpaka stoo. Akamkuta bibi kizee amekaa juu ya gunia la mkaa, amenyooka kama aliyekaa kanisani.

"Shikamoo, mama. Hiki ni chako?"

"Marahaba, mwanangu. Kumbe kilikuwa wapi? Ahsante. Usinione huku ukadhani nimetupwa. Mkwe wangu ananipakia rangi chumba. Rangi ya maziwa!"

Maige alinusa hewa. "Mama, mimi nimetoka humo sasa hivi. Hiyo ni rangi gani isiyo na harufu?"

Bibi Wankyo akanusa hewa naye. Alikifungua kibuyu, akakifunga tena bila kunusa.

Maige hakupiga kelele. Aliita tu vijana wake, na ngoma zikaanza kurudi ndani ya basi moja moja. Watu ukumbini wakauliza kuna nini, na wakaambiwa. Kijana mmoja wa Dar, mwenye jezi na miwani, akajitwika begi.

"Kama mama yake kamlaza kwenye mkaa, sisi atatulaza wapi? Kwenye jiko lenyewe?"

Wenzake wakaangua kicheko, na kicheko kile kilimkata Matrida kuliko matusi. Wakavuka barabara kwenda kwa Mwanaupe, wakakubali kulala mikekani. Basi la ngoma likarudi kulala Bunda. Mji mzima hapakuwa na pa kutia mguu, nyumba ya Matrida peke yake ikawa tupu.

Jumamosi alikaa uani na mashuka ambayo hayakulaliwa na mtu. Kelele za uwanjani zilipanda, zikatua.

"Goli hilo," alisema Bibi Wankyo. "La kwetu au la wageni?"

"Sijui, mama."

"Ungeniambia, 'Mama, nimekosa chumba, nisaidie,' ningehama nikiimba. Ningelala hata kwa Mwanaupe. Lakini umenifanya mjinga kwa sababu macho yangu yamechoka."

Matrida alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Alilia. Kisha akaondoa shuka, akaanika godoro juani, akarudisha kigoda mahali pake, akamshika mama yake mkono hadi chumbani. Jioni akakimbilia kwenye tamasha. Alimkuta Maige anakaza ngozi za ngoma, akamwomba radhi mbele ya kundi lake.

Maige alimsikiliza mpaka mwisho. "Maneno mazuri. Lakini swali langu niliuliza nyumbani kwako, mama. Litajibiwa nyumbani."

Akageuka, ngoma zikaanza.

FUNZO

Wapenzi wenye hoteli, wenye gesti, na hata wewe mwenye chumba kimoja cha kupangisha Nyasho: mechi na matamasha ni neema. Yapokeeni, fueni mashuka, kaangeni samaki, jazeni vyumba, na msione aibu kupata. Lakini msiuze mahali pa mzazi ili kupata mahali pa mgeni. Mgeni hasomi kibao cha nje tu, anasoma unavyoishi na wa kwako. Akiona umemdharau mama, anajua na yeye zamu yake inakuja. Na ukijaa, sema umejaa, mpeleke kwa jirani. Mji ndio unaompokea mgeni, si nyumba moja.

Matrida alijifunza kwa taabu. Miezi mingi vyumba vyake vililala na giza. Bibi Wankyo ndiye aliyekuwa anakaa mlangoni kwenye kigoda, akiwaambia wapita njia, "Ingieni, mkwe wangu ana mashuka meupe kuliko wote Musoma." Wachache wakaingia, wakawaambia wengine.

Msimu uliofuata timu ya Dar ikarudi, na tamasha likarudi nayo. Mji ukavimba tena. Nyumba ya Matrida ikajaa tangu asubuhi, na bwana mmoja mwenye gari kubwa alikuwa uani anamsihi.

"Mama, nalipa mara mbili. Mara tatu! Hicho cha uani nakiona hakina mtu wa maana."

Nyuma yake, basi dogo lilikuwa limesimama. Mzee Maige aliingia polepole, ngoma begani. Safari hii vyumba vya kundi lake vilikuwa vimeshikwa mapema, vyote vya mbele. Hakusalimia. Alinyoosha kidole kuelekea mlango ule.

"Mama mwenye nyumba, kitanda kile ni cha nani?"

Matrida akainua shingo, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa Mwanaupe ng'ambo ya barabara:

"Ni cha mama yangu, Wankyo wa Butiama. Yuko ndani amepumzika. Shusheni ngoma taratibu."