Kesi ya Nondo ya Kengele

Ijulikane kwa wakazi wote wa bweni letu, waliolala na waliojifanya wamelala, kwamba Mahakama Kuu ya Bweni ilikaa Jumamosi mchana chini yangu mimi, Jaji Mkuu, mtu wa busara isiyo na mfano na sauti ambayo siku hizo ilikuwa nzito asubuhi na nyembamba jioni. Joho langu lilikuwa shuka. Lilikuwa na doa la wino upande wa makalio, kwa hiyo niliamua kuhukumu nikiwa nimekaa.

Kwa kawaida Jumamosi tulifua, tukaanika, kisha tukalala. Lakini tangu Alhamisi hakuna aliyelala vizuri. Kengele ya shule yetu ni ringi kuukuu la gurudumu la lori, linaloning'inia nje ya jiko na kugongwa kwa kipande cha nondo. Ndiyo inayotuamsha, inayotulisha na kutupeleka darasani. Alhamisi alfajiri haikulia. Nondo haikuwepo. Shule nzima ilipitiwa na usingizi, walimu wakakuta madarasa matupu, na mpishi akabaki na sufuria la chai iliyopoa.

Mkuu wa shule hakuona la kuchekesha. Koki za mabomba zilikuwa zimeshaibwa, pamoja na vyuma vya dirisha la stoo.

"Mwizi ni yuleyule," alitutangazia. "Asipopatikana kufikia Jumatatu, nawaita polisi. Atakayeondoka nao harudi hapa."

Tangu hapo kila mtu alimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Waliozoea kuazimana ndoo wakaanza kulala nazo kitandani. Ukikohoa, unaulizwa umekohoa kwa nini. Mwishowe macho yote yakatua kwa Kobe, kijana tuliyemwita hivyo kwa sababu hakuwahi kuharakishwa na kitu chochote, hata mvua. Mjomba wake alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwetu hilo lilitosha kabisa. Tena Kasuku, ambaye kitanda chake kiko jirani na cha Kobe na mdomo wake haujui likizo, alimwona kwa jicho la usingizi Alhamisi hiyohiyo alfajiri akitoka nje na kitu kirefu kilichofungwa taulo.

Ndipo mahakama ikaitwa. Utaratibu wetu ni wa zamani: mshtakiwa husimama juu ya sanduku lake mwenyewe, na akinyamaza, amekubali.

"Mshtakiwa apande," nikasema.

Kobe akapanda juu ya sanduku lake la bati, likalia chini ya miguu yake.

"Nashtakiwa kwa lipi?" akauliza. "Nondo au koki?"

"Vyote," akajibu Kasuku, mwendesha mashtaka. "Na dirisha."

"Basi nataka mtu wa kunisemea."

"Mahakama hii haina mawakili," nikamwambia. "Wanachelewesha watu kula."

Watu wakacheka. Kasuku akakunja mikono ya shati.

"Mjomba wako ananunua nini?"

"Vyuma."

"Na wewe ni mpwa wa nani?"

"Wa mjomba."

Wakacheka tena, safari hii upande wa Kobe, na Kasuku hakupenda.

"Kwenye taulo kulikuwa na nini?"

Kobe akanyamaza.

"Amenyamaza, Mheshimiwa. Amekubali."

"Nikisema mtacheka," Kobe akasema. "Nikinyamaza mnasema nimekubali. Sasa mnataka nifanye nini?"

"Ukiri," nikamjibu kwa upole wa baba mzazi. "Jumatatu umwambie mkuu wa shule ni wewe, sote tuache kushukiana."

Kobe akatazama vidole vya miguu yake. "Na nikikiri, mtaacha kunizomea nikiwa nimelala?"

"Tutaacha."

"Basi nitasema ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Jaji mwenye akili angevua shuka wakati huo. Mimi niliona bora nimalize haraka, nikakohoa na kusoma hukumu kutoka kichwani: "Mahakama imeridhika kwamba mshtakiwa, kwa hila kubwa, aliichomoa nondo gizani, akaivisha soksi isije ikagonga ringi na kuamsha watu, kisha akatokomea nayo."

"Soksi gani?" ikauliza sauti mlangoni.

Alikuwa mwalimu wetu wa uraia, mwalimu wa zamu wa wiki hiyo. Mahakama yote ikasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimesimama hapo nje tangu mshtakiwa alipopanda." Akamsogelea Kobe. "Shuka, mwanangu, usije ukaanguka. Umesema ni wewe. Ni wewe?"

"Hapana, Mwalimu. Nimechoka tu."

"Kuhusu lile taulo, si lazima unijibu. Ukipenda, nasikiliza. Na hapa hacheki mtu."

Kobe akashuka sandukuni. "Lilikuwa fagio la choo. Ilikuwa zamu yangu. Nilitaka nimalize kabla hawajaamka, wasinione nalo, kisha nikarudi kulala."

Kasuku akaanza kuchunguza dari kama fundi aliyeitwa kuipima.

"Nondo imepatikana leo asubuhi," Mwalimu akaendelea. "Mpishi ameikuta chini ya kuni, akaniletea mimi, hakumwambia mtu mwingine. Ilikuwa ndani ya soksi."

Vichwa vikageuka kimoja baada ya kingine, vyote kuelekea kwenye shuka langu.

"Sasa, Mheshimiwa," akasema Mwalimu, "sikuulizi kitu bado. Nakuambia wazi kwamba nakushuku, na sababu yake ni hii: umetaja soksi ambayo watu wa humu hawajaisikia. Nakushuku kwa nondo peke yake. Koki na dirisha sina ushahidi, sitakubambikia. Unaweza kunyamaza, na kunyamaza kwako sitakuita kukubali. Unaweza kumwita mzazi wako, au mtu mzima unayemwamini, akae nawe ndipo tuzungumze. Na mpaka ithibitishwe, huna hatia. Atakayekuita mwizi humu ndani ataonana na mimi."

Yalikuwa yaleyale niliyomnyima Kobe, moja baada ya jingine, na kila moja nililitaka kama mtu anayezama anavyotaka kamba.

"Mwalimu," Kasuku akalalamika, "mbona unambembeleza? Soksi ameitaja mwenyewe."

"Simbembelezi. Haki za mtuhumiwa hazikuwekwa kwa ajili ya wanaopendeza tu. Mkimnyima leo mnayemwona mbaya, kesho atanyimwa asiyefanya lolote. Tena si kesho, ni leo. Hapa mbele yenu kijana asiye na kosa amekiri ili mumwache apate usingizi. Yale maneno yangefika polisi, yeye angepoteza shule, na aliyeiba koki angeendelea kufungua nyingine kwa raha zake. Mtu akisukumwa akakiri, hamjampata mkosaji. Mmemsaidia kujificha. Ndiyo maana anayeshtakiwa lazima aambiwe kosa lake, asikilizwe, apate wa kumsemea, na anayemshtaki alete ushahidi. Ujomba si ushahidi."

"Na taulo, Mwalimu?" mtu akauliza kwa sauti ndogo.

"Taulo ni sababu ya kuuliza. Si sababu ya kuhukumu."

Nilikuwa na haki ya kunyamaza, na nilijaribu kuitumia. Niliitumia kwa muda wa kutosha kumwona Kobe akilifuta sanduku lake alama za nyayo kwa kiganja, taratibu, kana kwamba ndilo lililoshtakiwa. Nikaona haki ile ni yangu kweli, lakini sikuwa tayari kuikalia huku yeye akifuta.

"Mwalimu, ni mimi," nikasema, na sauti ikachagua kuwa nyembamba. "Nilitaka tulale kidogo tu. Polisi walipotajwa nikaogopa, na watu walipomgeukia Kobe nikawaacha."

"Ukawaacha, au ukawaongoza?"

"Nikawaongoza."

"Hakuna aliyekulazimisha kusema?"

"Hakuna."

"Jumatatu utamweleza mkuu wa shule mwenyewe. Nitakaa kando yako."

Nikamgeukia Kobe, nikamwomba radhi bila maneno ya kimahakama. Akanitazama polepole, kama kawaida yake.

"Zamu ya choo wiki ijayo ni ya nani?" akauliza.

"Yangu," nikasema. "Na inayofuata."

Mwalimu akatoa mfukoni soksi ya kijivu yenye tundu kisiginoni. "Na hii?"

Nikainua pindo la joho langu la kifahari, bweni zima likaona.

"Yangu pia, Mwalimu. Ya pili yake nimeivaa."