Mkono Usioinuliwa

Kilima hakikuwa na njia, lakini nyasi zilikuwa zimelala kana kwamba zimekanyagwa asubuhi hiyo.

Mpima ardhi aliliona hilo, akaongeza mwendo. Nyuma yake alihema dada yake, mjane wa mwaka mmoja, aliyeng'ang'ania kuletwa kwenye kisiwa hiki kisicho na mtu, apaone mahali mumewe alipofanya kazi ya mwisho.

"Kaka, kichuguu hiki ndicho kinachokutoa jasho?"

"Jua, dada."

"Jua lipi? Mawingu yametanda."

Mumewe alikuwa mshika fimbo ya vipimo wa kaka huyu. Kazi hiyo ina sheria moja: mshikaji husimama wima alipowekwa, haondoki wala hageuki, mpaka mpimaji aliye chini amwinulie mkono. Siku ile dhoruba ilivuma ghafla. Mpimaji alikumbatia darubini yake, akakimbilia mashua. Mkono hakuinua. Nyumbani alisema shemeji amezama, akalia kuwashinda wafiwa.

Harufu ya tumbaku ikawapokea.

"Hii ni yake," dada alinong'ona.

Kileleni fimbo ilisimama wima, haina mshikaji, na upepo uliokuwa ukizilaza nyasi zote haukuitikisa.

"Kaka. Aliyezama baharini ameachaje fimbo mlimani?"

"Nilimwacha. Nilidhani ananifuata. Kisha nikaona haya kurudi."

"Haya! Mwaka mzima unakula kwangu, unanipa pole!" Alifuta uso kwa upande wa kanga. "Mwinulie mkono."

Aliuinua. Fimbo ikaanguka, nyasi zikaanza kugawanyika hatua kwa hatua pasipo mkanyagaji, na ile harufu ikapita katikati yao, na kitu baridi kikamgusa bega kama rafiki wa siku nyingi, na sikioni ikamjia sauti iliyokuwa ya shemeji kwa kila herufi ila haikuwa na pumzi ya binadamu: "Ahsante, shemeji. Sasa zamu yako."

Fimbo ilikuwa mikononi mwake. Nyayo zake zilitulia katika vishimo viwili, wala hazikung'oka.

"Dada! Niinulie mkono!"

Dada alikuwa akiteremka, amejisogeza kando kidogo, kama anayempisha mwenziwe. Alipoketi mashuani aligeuka, akamtazama kwa kitambo. Mashine ikanguruma, ingawa hakuigusa. Mikono yake, yote miwili, ilikuwa imetulia mapajani.